Nchi Iliyomfukuza Uhaba

Paliondokea nchi ikiitwa Tele. Iko upande gani wa ramani, hilo msiulize, kwa sababu hata Watele wenyewe walipouliza waliambiwa ramani zimeagizwa na ziko njiani. Inatosha kujua kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko waimbaji, na mji wake mkuu uliitwa Pomoni.

Katika mtaa wa Kwamkeka, humo Pomoni, aliishi mshona magodoro aliyeitwa Uhaba bin Mashaka. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alizaliwa mwaka ambao nzige walikula mahindi, kisha wakala makuti ya mapaa, kisha wakaondoka kwa kukata tamaa. Mama yake alikwisha kuzika watoto waliokuwa na majina mazuri mazuri, basi huyu akaona ampe jina ambalo kifo kikilisikia kitapita mlango wa pili. Na kweli, kifo kilipita. Uhaba akakua, akaoa, akanenepa, mpaka ikawa tumbo lake ndilo linaloingia kwanza nyumba za watu na yeye hufuata baadaye akiliombea radhi. Wageni wakimwona hucheka.

"Huyu ndiye Uhaba?"

"Ndiye," hujibu. "Mngemwona mdogo wangu Shibe! Ufito una nyama kumshinda."

Mkewe aliitwa Zamda, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa kuchota unga. Binti yao wa pekee, Riziki, alikuwa ameposwa na Chande, fundi wa baiskeli, kijana mpole ambaye mikono yake haikuisha grisi hata siku ya Idi. Nikahi ilikuwa imepangwa Ijumaa moja, miezi michache mbele. Kwa hiyo nyumba ya Uhaba ilikuwa na furaha yote ambayo nyumba inaweza kuwa nayo, mpaka hapo sukari ilipotoweka.

Ilitoweka kimya kimya, kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo. Uhaba alikwenda dukani kwa Bwana Kassu kununua sukari ya harusi, akakuta watu wamejaa na vikapu vitupu.

"Sukari hakuna," alisema Bwana Kassu.

"Kwa nini?" akauliza mama mmoja.

"Kwa nini tena? Uhaba!"

Watu wote wakageuka kumtazama mshona magodoro aliyesimama mlangoni.

"Jamani," alisema Uhaba, "mimi ndio kwanza nafika."

Walicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata ikatoweka sabuni, wakacheka kidogo. Yalipotoweka mafuta ya kula na viberiti, hakucheka mtu, na Uhaba akaanza kupita vichochoro vya nyuma.

Ndipo aliposimama Waziri wa Wingi, Mheshimiwa Daktari Mashibe. Wizara ya Wingi ilikuwa na kazi ya kuwajulisha wananchi vitu walivyo navyo, kwa maana wananchi walikuwa wasahaulifu. Waziri alizungumza redioni, kwa ile sauti yake iliyonona.

"Ndugu wananchi, nimefanya utafiti. Nimegundua kwamba hapo awali, kabla neno u-ha-ba halijaanza kutamkwa ovyo ovyo, mlikuwa mnakunywa chai ya sukari bila wasiwasi wowote. Neno hilo lilipoanza kutamkwa, sukari ikatoweka. Sasa nawauliza, ndugu zangu, mwizi ni nani?"

Akanyamaza ili taifa litafakari. Taifa likatafakari.

"Mwizi ni neno! Kwa hiyo kuanzia saa hii neno hilo limefutwa. Tele haina kitu hicho, haijapata kuwa nacho, na kama kuna kingine kinachofanana nacho kidogo, kitaitwa *wingi uliochelewa*. Ahsanteni, na furahini."

Watele walikuwa watu watiifu. Siku hiyo hiyo mzee mmoja mwenye upara alisikika akimwambia kinyozi kwamba ana wingi uliochelewa wa nywele. Mama wa mtaa wa pili akaomba msamaha kwa jirani kwamba mboga ina wingi uliochelewa wa chumvi. Lakini waziri hakuridhika, maana ukishaanza kung'oa magugu huachi mizizi. Wakagundua kwamba *haba* ni mtoto wa lile neno lililofutwa, wakaifuta nayo, na watoto shuleni wakafundishwa kuimba kwamba tele na tele hujaza kibaba. Wakafuta *upungufu*. Wakafuta *ukosefu*, na walipoufuata ukosefu mpaka shinani wakakuta *kukosa*, wakakufuta nako.

Hapo mambo yakawa matamu. Mtangazaji wa mpira alimwona mshambuliaji aliyebaki peke yake na lango akipiga mpira juu ya paa la msikiti, naye mtangazaji akapiga kelele redioni: "Lo! Goli limechelewa! Goli limechelewa kabisa, wapenzi wasikilizaji!" Mashabiki wakabaki uwanjani mpaka jua linazama, wakilisubiri.

Kuhakikisha utii, Wizara iliajiri Maafisa Ufasaha, kila mmoja na filimbi yake. Aliyepangiwa mtaa wa Kwamkeka aliitwa Kibwebwe, mtu mrefu, mwembamba, mwenye viatu vilivyofunguka mbele kama mdomo wa kambare, na mapenzi makubwa na kazi yake. Alikuwa anapita asubuhi moja akasikia mteja akiita kutoka barabarani:

"Mzee Uhaba! Godoro langu liko tayari?"

Filimbi ililia mpaka kuku wakapanda juu ya ua.

"Nani kasema?" akafoka Kibwebwe.

Mteja akarudi hatua moja nyuma. "Bwana Afisa, mimi nilikuwa namwita mtu tu."

"Umemwitaje?"

"Nime... nimemwita wingi uliochelewa."

"Uko wapi?"

"Ule pale," alisema mteja, akinyoosha kidole. "Unashona godoro."

Kibwebwe akamwendea Uhaba, akamzunguka mara kadhaa, ingawa safari yenyewe ilikuwa ndefu. Kisha akasema kwa upole wa kiserikali:

"Mzee, una jina baya."

"Nalijua, mwanangu. Ninalo tangu utotoni."

"Serikali ina huruma. Chagua jingine papa hapa. Yapo Wingi, Furiko, Maridhawa. Mimi ningekushauri Maridhawa, linaendana na umbo."

"Na mama yangu nimwambie nini?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaburini."

"Basi hatasikia."

"Bwana Afisa," alisema Uhaba, "wewe humjui mama yangu."

Hata hivyo moyo wake ulikuwa unapima. Ile Ijumaa ya nikahi ilikuwa inakaribia. Baba ndiye walii, ndiye wa kumwoza binti yake; na baba aliyeko jela humwoza nani? Jina ni pumzi tu, alijiambia. Mtu anaweza kuitwa Maridhawa na bado sindano ikamtii. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa akubali pale Riziki alipotoka ndani. Mkono wake mmoja ulikuwa umechorwa maua ya piko mpaka kwenye kiwiko na wa pili mtupu, kwa sababu piko nalo lilikuwa limechelewa.

"Baba," alisema, "Ijumaa shehe atataja jina langu na jina la babangu mbele za watu. Atasema binti wa nani?"

"Binti Maridhawa," akadakia Kibwebwe. "Zuri sana."

"Mimi simjui huyo bwana," alisema Riziki. "Hakunibeba mgongoni nilipokuwa na surua. Chande akimwoa binti Maridhawa, na aende akamtafute huko aliko, mimi nitabaki hapa na baba yangu Uhaba."

Filimbi ikalia tena, lakini safari hii Uhaba hakuisikia vizuri. Alichoma sindano kwenye godoro, akanyanyuka kwa kusaidiwa na ukuta.

"Bwana Afisa, nimekwisha kuchagua," alisema. "Nalichagua lile lile."

Kibwebwe akapapasa mfuko wa pingu, akatoa mkono mtupu. Akakohoa.

"Pingu zina wingi uliochelewa," alisema. "Tafadhali jishike mikono mwenyewe. Na usijiachie, nitajua."

Uhaba akajishika mikono, wakaondoka. Zamda akasimama mlangoni akiwatazama, upawa mkononi.

Mheshimiwa Mashibe kwanza alikasirika kuletewa mshona magodoro katikati ya chakula cha mchana. Lakini Kibwebwe alipoeleza jina la mtuhumiwa, waziri aliacha paja la kuku hewani, na uso wake ukaanza kung'aa kama mtu aliyeota jawabu la mtihani.

"Unaitwa nani, mzee?"

"Uhaba, Mheshimiwa."

"Na umekamatwa?"

"Ndivyo ninavyoona, Mheshimiwa."

"Na uko mikononi mwangu?"

"Niko mikononi mwangu mwenyewe, pingu zimechelewa. Lakini ni kama mwako tu."

Waziri hakumaliza kula. Alikimbia redioni na leso shingoni, akatoa tangazo fupi kuliko yote aliyopata kutoa: "Ndugu wananchi! Uhaba amekamatwa!"

Pomoni ililipuka. Ngoma zilitoka, vigelegele vikapanda, watu wasiojuana wakakumbatiana. Kisha wote kwa pamoja wakakumbuka vikapu vyao, wakakimbilia madukani. Bwana Kassu aliona umati unakuja akadhani ni fujo, akajificha chini ya kaunta.

"Tupe sukari!"

"Sina!"

"Unasemaje huna, na Uhaba amekamatwa?"

"Labda," alisema Bwana Kassu kutoka huko chini, "labda bado hajakiri."

Ikaonekana ni sababu ya maana. Watu wakarudi nyumbani kusubiri akiri.

Huko jela, mambo hayakuwa mabaya kama Uhaba alivyohofia. Tatizo lilikuwa mlango. Koplo Njiku, mlinzi wake, alisimama mbele ya chumba akijikuna shingo.

"Mzee wangu," alisema, "kufuli ndiyo hivyo tena, imechelewa. Ningekuomba uushikilie mlango kwa ndani usifunguke. Ukifunguka mimi nafukuzwa kazi, na nina watoto."

Uhaba hakuwa mtu wa kumharibia mwenzake kazi. Akaushikilia. Baada ya muda mkono ukafa ganzi, akaita: "Koplo, hebu nipokee kidogo!" Koplo akaingia ndani akashika, Uhaba akatoka nje akajinyoosha, akanunua karanga pale langoni, akarudi akamgawia mwenzake, wakabadilishana. Wakaishi hivyo kwa masikilizano. Lakini kila aliposhika mlango Uhaba aliwaza Ijumaa. Alimwona Riziki na mkono wake mmoja wa piko. Alimwona Shehe Muombwa akiuliza yuko wapi walii. Na karanga zikamshinda kumeza.

Kesi ilisikilizwa haraka, ingawa ilikuwa na ugumu wake. Hakimu alivaa miwani akasema:

"Mshitakiwa, unasomewa ko..." Akamwona Kibwebwe anainua filimbi. "Unasomewa lile jambo ambalo mtu akilitenda huletwa hapa. Mwendesha mashitaka, mshitakiwa ametenda nini?"

"Mheshimiwa Hakimu, ametenda usahihi uliochelewa."

"Unakubali, mzee?"

"Sijaelewa, Mheshimiwa."

"Hata mimi," alisema hakimu. "Basi tuendelee na adhabu."

Adhabu ilikuwa kufukuzwa nchini, na ikasomwa uwanjani mbele ya taifa zima. Watu walikuwa wamekuja na hamu kubwa ya kumwona adui. Alipopandishwa jukwaani, wakanong'onezana.

"Mbona amenona?"

"Hee! Si ndiye aliyekula!"

"Lile tumbo lote ni sukari yetu lile."

Waziri akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria! Leo tunautoa... tunamtoa... tunautoamtoa uhaba katika ardhi ya Tele!"

Filimbi ikalia. Ilikuwa mazoea tu, mkono wa Kibwebwe ulitangulia akili. Uwanja mzima ukanyamaza. Waziri akageuka taratibu. Kibwebwe akaitazama filimbi kama mtu anayeona nyoka kinywani mwake, kisha akaanza kuipangusa kwa shati.

"Ilikuwa na vumbi, Mheshimiwa," alisema.

Uhaba hakuyasikia hayo. Katikati ya umati alikuwa amemwona Zamda. Hakupiga kelele, hakulia. Alinyanyua tu ncha ya kanga yake, kama vile alivyofanya alipokuwa msichana akimpungia kijana mmoja mnene upande wa pili wa kisima. Uhaba akatamani kumpungia naye, lakini aliogopa akijiachia mikono itaandikwa kwamba ametoroka.

Gari la kumpeleka mpakani halikuwa na petroli. Likasukumwa. Na kwa kuwa askari wa kusukuma nao walikuwa na wingi uliochelewa, Uhaba aliombwa ashuke asaidie; akalisukuma mwenyewe gari la kumfukuzia, na penye mlima akawa ndiye anayewatia wenzake moyo.

Mpaka ulikuwa kamba mbili. Kamba ya Tele huku, kamba ya nchi jirani kule, na katikati uwanja mpana wa majani makavu ambao hakuna serikali iliyoutaka. Askari wa Tele wakainua kamba, wakampitisha, wakampigia saluti kwa kuwa alikuwa amesukuma vizuri, wakarudi. Uhaba akavuka uwanja mpaka kamba ya pili, alipokaa mwanamke wa makamo aliyevaa sare, Bi Sango, akimenya muhogo.

"Karibu baba. Jina lako?"

"Uhaba."

Kisu kikasimama. "Nani?"

"Uhaba, kutoka Tele. Nimefukuzwa."

Bi Sango akamtazama kwa huruma ya kweli. "Baba yangu, samahani sana. Sisi huku tuna uhaba wetu wa kutosha. Kuchukua na wa watu wengine, kwa kweli hatutaweza."

Uhaba akarudi kamba ya Tele.

"Huwezi kuingia," walisema askari. "Redio imesema umeondoka. Ukionekana hapa, redio itakuwa imesema uongo."

"Sasa niende wapi?"

Wakatazamana. "Hapo hapo ulipo, mzee, pazuri tu. Pana hewa."

Basi akakaa chini katikati ya kamba mbili, kwenye majani makavu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alilia kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Bi Sango alimwona, akavuka kamba yake na birika na kikombe. Uhaba akapiga funda la kwanza, akakunja uso kama aliyekunywa dawa.

"Imeharibika?" aliuliza Bi Sango.

"Hapana, mama. Ni tamu. Nilikuwa nimesahau."

Kumbe nchi jirani ilikuwa na sukari mpaka ya kuwapa punda. Uhaba wao ulikuwa wa magodoro, walilala juu ya mikeka migumu wakiamka na michoro mgongoni. Uhaba akatazama majani makavu yaliyomzunguka. Akaomba magunia na sindano. Kabla jua halijazama, Bi Sango alikuwa amelalia godoro jipya kwa majaribio na amekataa kuamka, na kando ya Uhaba pamesimama mfuko wa sukari ambao mtu mmoja hawezi kuunyanyua.

Siku ya pili, Ijumaa, vumbi lilionekana upande wa Tele. Mbele alikuwa Chande akisukuma baiskeli, Riziki amekaa nyuma na baibui jipya. Nyuma yao Zamda na sufuria kichwani, Shehe Muombwa na kofia yake ya sherehe, na mtaa mzima wa Kwamkeka ukiburura viatu.

"Tunakwenda kuoza," Zamda aliwaambia askari wa kambani. "Nanyi mmealikwa."

Wakapita. Uhaba akamshika Riziki kichwani. Riziki akamwonyesha mikono. Ule wa pili nao ulikuwa umechorwa, kwa mkaa.

Shehe Muombwa alikuwa amesimama pembeni akitazama kushoto na kulia.

"Hapa ni nchi ya nani?" aliuliza.

"Haina mwenyewe, Shehe."

"Kwa hiyo mtu akitaka kusema jambo..." Akainama, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeonja mchuzi wa moto: "Uhaba."

Hapakulia filimbi. Upepo ukapita, majani yakatikisika.

"Uhaba," alisema kwa nguvu kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya mimbari: "Kuna uhaba wa mafuta ya taa msikitini, na nimekuwa nikisalisha gizani!" Akatoa leso akafuta macho. "Ya Rabi, nimepumua."

Ikabidi kungojea. Kila mtu alikuwa na lake. Bwana Kassu alitaja bidhaa zote ambazo duka lake halina, rafu kwa rafu, huku watu wakiitikia. Mzee mwenye upara akasema uhaba wa nywele, akashangiliwa. Walipokwisha kutua mizigo, nikahi ikasomwa, na Uhaba akamshika Chande mkono wenye grisi.

"Nimekuoza binti yangu," alisema kwa sauti iliyofika kamba zote mbili, "Riziki binti Uhaba bin Mashaka."

"Nimekubali!" aliitikia Chande, kwa nguvu mpaka baiskeli yake ikaanguka yenyewe.

Chai ilinywewa ikiwa tamu. Askari wa Tele walisema baadaye kwamba hawakusikia jina lolote, ila upepo tu, na walisema hivyo wakiwa na sukari kwenye masharubu.

Habari haina miguu lakini hufika. Wiki iliyofuata wakaja watu wa mitaa mingine, na baada yao wa wilaya nyingine. Wengine walikuja kulitamka neno tu na kurudi wepesi. Wengine walikuja na majani makavu na magunia wakabadilishana na majirani kwa sabuni, mafuta na viberiti. Uwanja ukawa soko, soko likawa mji mdogo, na mji ukaitwa Kwa Uhaba, kisha kwa wenye haraka Uhaba basi.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda Uhaba."

"Usinisahau, niletee sabuni."

Watoto wa Tele wakakua wakijua kwamba uhaba ni pale penye kila kitu. Wanawake waliokuwa wakiomba Mungu awaepushe na uhaba, sasa waliomba awafikishe. Na ukitaka kumtukana mtu ulimwambia ana wingi nyumbani kwake.

Hatimaye ikatokea kwamba Mtukufu Rais wa Tele aliletewa chai, akaionja, akaiweka chini, akamwangalia Waziri wa Wingi. Mheshimiwa Mashibe akafika mpakani siku hiyo hiyo, gari lake likisukumwa na Kibwebwe. Akapenya kati ya wachuuzi, jasho likimtiririka, mpaka kwa mwanamke aliyekuwa akipima sukari.

"Mama, Pomoni tuna wingi uliochelewa wa sukari."

"Ukifika mtaula," alisema mwanamke. "Wewe unataka nini?"

"Nataka sukari."

"Si umesema mnayo nyingi?"

"Nyingi, lakini imechelewa."

"Basi ingojeni, baba. Pisha wateja."

Watu wakaanza kukusanyika. Uhaba, aliyekuwa akishona kivulini mwa turubai, alimwona, na badala ya kucheka akamwonea huruma, maana alijua mtu anavyokuwa akibeba jina lisilomtosha.

"Mheshimiwa," alimwita. "Hapa ruhusa. Sema tu."

Waziri akatazama nyuma. Kibwebwe alikuwa ameshika filimbi. Akatazama mbele. Akameza mate.

"Kuna... kuna u... kuna uhaba wa sukari."

Vigelegele vikapasua anga. Waziri akabaki mdomo wazi. Rangi ilimrudia usoni, mabega yakashuka, akaonekana kijana.

"Kuna uhaba wa sukari!" akarudia. "Na wa sabuni! Kuna uhaba wa dawa, uhaba wa chaki, uhaba wa madaraja! Kuna uhaba wa akili wizarani kwangu, na mimi ndiye mkuu wake!"

Umati ukageukia Kibwebwe. Kibwebwe akapeleka filimbi kinywani, akaitoa, akainua mguu mmoja watu waone vidole vyake vinavyochungulia.

"Na uhaba wa viatu," alisema, akalia kama mtoto.

Waziri hakunyamazika mpaka alasiri. Walimpa sukari, wakamkalisha kwenye godoro, wakamrudisha garini kwa kumbembeleza.

Uhaba aliruhusiwa kurudi nyumbani. Waziri alimtaka awe mkuu wa wilaya mpya ya mpakani, naye akajibu kwamba ana godoro la mteja tangu kabla ya kesi. Jioni aliyorudi alikaa na Zamda uani, redio katikati yao, wakamsikia Mheshimiwa Mashibe amepata tena ile sauti yake.

"Ndugu wananchi! Baada ya mafanikio makubwa yaliyoonekana mpakani, serikali yenu sikivu imeamua kwamba uhaba usiwe wa sehemu moja tu. Tutausambaza nchi nzima! Kila mji, kila kijiji, kila nyumba itapata uhaba wake!"

Pomoni yote ikalipuka kwa shangwe. Ngoma zikatoka, mabati yakapigwa, na majirani wakapita barabarani wakiimba jina lake.

Zamda akapunguza redio. "Baba Riziki, hapo amesema wewe, ama lile jingine?"

Uhaba akatunga uzi kwenye sindano ya lile godoro la mteja.

"Sijui, Mama Riziki," alisema. "Lakini kwa ninavyoijua serikali yetu, ahadi hii wataitimiza."